Utepe wa Mheshimiwa

Kwa furaha isiyo na kifani, na kwa mamlaka aliyokaimishwa, Kaimu Mkurugenzi wa Mpangilio wa Majeruhi alitangaza kwamba kuanzia Jumatatu ile kuumia katika Hospitali Kuu kungefuata itifaki. Zama za mtu kuumia anavyojisikia, kisha akapangwa na wauguzi kama gunia la viazi, zilikuwa zimekwisha. Sasa majeruhi angepangwa kwa hadhi, kwa ngazi na kwa mujibu wa waraka. Aliyasema hayo mbele ya wakuu wa idara, akanywa maji, akangoja makofi. Makofi yakaja, maana wakuu wa idara wote nao walikuwa makaimu na walijua uchungu wake.

Huyu bwana alikuwa amekaimu muda mrefu hata jina lake la kuzaliwa likachujuka. Wauguzi walimwita Kaimu. Majirani walimwita Kaimu. Mkewe, siku akiwa na furaha naye, alimwita Kaimu wangu. Jamani, kukaimu si mchezo: unakalia kiti kwa upande mmoja, kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa chakula. Kilichobaki kilikuwa kuthibitishwa tu, na wa kumthibitisha alikuwa mtu mmoja, Mheshimiwa, ambaye Jumatatu hiyo angekuja mwenyewe kuuzindua waraka. Ndiyo maana Kaimu wa watu alikuwa hajapata usingizi.

Kabla ya waraka, mapokezi ya dharura yalikuwa na utaratibu wa kizamani. Sista, muuguzi mkuu wa hapo, alimtazama aliyeletwa, akamshika hapa na pale, akamfunga utepe mkononi. Mwekundu: huyu tusipomshughulikia sasa hivi, tunampoteza. Wa njano: huyu ana hali mbaya, ila anaweza kuvumilia kidogo. Wa kijani: huyu kaja kwa miguu yake, akae benchi. Na mweusi, kwa yule ambaye hakuwa na haja tena na daktari. Sista hakuuliza cheo wala mtoto wa nani. Utaratibu ulifanya kazi vizuri, na hilo ndilo lililoutia mashakani, maana kitu kikifanya kazi bila kamati watu huanza kujiuliza kamati ni za nini.

Kisha ikatokea aibu. Kiongozi mmoja mzito alibanwa kidole na mlango wa gari lake, akaletwa kwa ving'ora, Sista akakiangalia kidole, akamfunga kijani, akamkalisha kati ya fundi ujenzi na mama muuza mkaa. Kiongozi akauliza kijani maana yake nini, na fundi ujenzi, kwa roho safi, akamweleza kwamba maana yake huna kitu, mzee. Pale hakuumia kidole tena, aliumia cheo. Mkurugenzi wa wakati ule alihamishiwa kituo ambacho hata dereva aliyempeleka ilibidi aulizie njia. Kaimu akapewa kiti chake, pamoja na kazi ya kurekebisha rangi.

Kamati ya Rangi ikakaa. Ilikaa sana, ndiyo kazi ya kamati. Ikaamua kwamba nyekundu, kwa kuwa ni rangi ya zulia la heshima, itakuwa ya viongozi. Njano itakuwa ya maofisa waandamizi na familia zao. Kijani, kwa kuwa ni rangi ya matumaini, itakuwa ya wananchi, ambao ndio wenye matumaini mengi kuliko sote. Nyeusi ilifutwa kwa sababu inakatisha tamaa. Kuanzia Jumatatu hakuna ambaye angefariki mapokezi. Atakayepatwa na tatizo hilo angeitwa kijani tulivu.

Sista aliposomewa waraka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama damu nayo imepelekewa nakala. Kaimu akamjibu kwamba ya damu itapitia maabara.

Jumatatu yenyewe Kaimu alipelekwa kazini na shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa pikipiki mwenye mdomo usiolala. Mkewe ndiye aliyemlea huyu ndugu tangu mama yao alipowaacha, na Kaimu alijua fika kwamba ukimwambia yule mwanamke achague kati ya mume na mdogo wake, usingoje jibu, kafunge mizigo. Walipofika getini Kaimu akajipapasa shingoni. Tai hamna. Kaisahau kitandani, siku ya siku.

"Shem, leo ungesahau hata shingo kama isingekuwa imeshikizwa," shemeji akamwambia, akageuza pikipiki akairudia.

Barabara ya hospitali ilikuwa imefungwa tangu asubuhi ili Mheshimiwa apite kwa amani kwenda kuzindua huduma ya haraka kwa majeruhi. Magari ya wagonjwa yalisimama pembeni, wagonjwa wamo ndani, wakingoja huduma ya haraka izinduliwe. Ila hakuna aliyekumbuka kuzifungia pikipiki. Msafara ulikuja upande usio wake, gari la mbele likamzoa shemeji, la pili likafunga breki, na Mheshimiwa, aliyekuwa akijitazama kwenye simu, akagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Akapata mchubuko wa kama punje ya harage.

Machela mbili ziliingia mapokezi kwa pamoja, mbele ya wageni waalikwa. Kwenye ya kwanza alikuwa Mheshimiwa, analalamikia mto. Kwenye ya pili alikuwa mtu wa rangi ya majivu, midomo imekauka, na shingoni kavaa tai ya mistari juu ya fulana. Kaimu aliitambua tai kabla hajamtambua mtu. Akaushika ukingo wa meza yenye sinia la tepe.

Daktari wa upasuaji, mama mfupi asiyejua kuongea polepole, alishamwekea shemeji mkono tumboni. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Akasema bandama imepasuka, huyu anavujia damu ndani, na yeye anampeleka chumba cha upasuaji sasa hivi, mengine baadaye.

Msaidizi wa Mheshimiwa, bwana wa miwani nyeusi hata ndani ya nyumba, akakohoa. Alimkumbusha Kaimu kwamba chumba cha upasuaji ni kimoja, majeruhi ni wawili, na mmoja wao ni Mheshimiwa. Tena waraka unaanza leo, wapiga picha wapo tayari, na tepe anafunga Kaimu, si mtu mwingine. Halafu akashusha sauti akaongeza kwamba barua ya kumthibitisha ilikuwa garini, ikisubiri tu kuona mambo yanavyokwenda.

Simu ya Kaimu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa mkewe. Habari za waendesha pikipiki hazihitaji redio.

"Kaimu, nasikia mdogo wangu kagongwa na yuko kwako. Yuko kwako, siyo?"

"Yuko kwangu."

"Basi nimetulia," mkewe akasema, akakata.

Angemtukana ingekuwa nafuu. Kaimu alibaki ameshika simu sikioni, akatamani aitwe kwa jina lolote duniani isipokuwa Kaimu. Lakini Msaidizi alishamsogezea sinia. Akachukua utepe mwekundu, akamfunga Mheshimiwa mkononi, picha zikapigwa, wageni wakashangilia mchubuko. Akachukua wa kijani, akamwinamia shemeji, fundo likawa halikazi. Shemeji akafungua jicho moja.

"Shem," akasema kwa tabu. "Tai yako nimeileta."

Basi Kaimu akalia, pale pale, mbele ya kamera. Msaidizi akawaeleza wageni kwamba Mkurugenzi ameguswa na uzinduzi.

"Wa kijani anasubiri wapi?" Sista akauliza, macho kamkazia Kaimu.

Kiutawala lilikuwa swali zuri. Benchi zilijaa, korido imetandikwa zulia, na Msaidizi alitaka popote atakapowekwa Mheshimiwa asimwone, maana angeweza kufadhaika kumtazama mtu aliyegongwa na msafara wake. Kaimu akafikiri. Watu humsingizia mtumishi wa umma kwamba hafikiri. Si kweli, hufikiri sana, ila huomba kibali kwanza. Safari hii hakuomba.

"Apelekwe chumba cha upasuaji," akasema. "Mheshimiwa hatamwona huko. Akasubirie huko."

Msaidizi akapinga kwamba chumba kile ni cha wekundu. Kaimu akajifuta machozi, akasimama wima, na akaongea kwa lugha aliyoinywa maisha yake yote: kwamba waraka umetenga kuhudumiwa, haukutenga kusubiri, kwamba kusubiri ni haki ya msingi ya mwananchi na hakujawekewa mipaka ya kijiografia. Msaidizi akalipindua neno hilo kichwani, akalitafuta tundu, hakuliona. Akakubali, mradi tu asiguswe kabla ya Mheshimiwa.

"Tutamsaidia kusubiri," Daktari akasema, na kabla maneno hayajapoa machela ilishakata kona, mtungi wa oksijeni unagonga ukuta, mtu wa maabara anakimbia nyuma na chupa za damu. Mlango ukafungwa. Humo ndani shemeji wa watu akasubiri kisawasawa. Alisubiri kwa dawa ya usingizi, akasubiri kwa damu ya watu wengine, akasubiri tumbo likiwa wazi.

Sasa ikabaki kazi moja: Mheshimiwa asifike mlango ule mapema. Sista, ambaye hakuambiwa kitu na hakuhitaji kuambiwa, akaiinamia machela kwa heshima zote. Akamwarifu Mheshimiwa kwamba huduma za mwekundu ni nyingi kidogo, na kama angependa, wangeweza kumpunguzia.

"Kupunguziwa mimi?" Mheshimiwa alishtuka. "Nipewe zote. Asinipunguzie mtu hata moja."

Akasukumwa chumba cha uchunguzi cha wekundu, kilichopakana na kile cha upasuaji, Kaimu na Msaidizi wakifuata nyuma. Sista akatoa mkasi wa mapokezi, ule unaokata jinzi pamoja na mkanda. Akaeleza kwamba mwekundu havuliwi nguo, hukatwa, kwa sababu ukimgeuzageuza huwezi kujua mfupa gani umevunjika. Suti ile ilishonwa ng'ambo na ilipanda ndege kuja. Mkasi ukaanzia pindo la suruali, ukapita gotini, ukapita mahali ambapo Mheshimiwa alishika pumzi, ukamaliza na koti, shati na fulana. Zikabaki soksi, moja imetoboka, dole gumba linachungulia. Kaimu akageuka ukutani kwa heshima ya taifa.

Akavalishwa kola ya shingo, akafungwa mikanda juu ya ubao mgumu, hata ikawa hawezi kutazama popote ila dari, lile dari linalovuja ambalo alishawahi kulizindua baada ya ukarabati. Akachomwa sindano mbili nene, moja kila mkono, za kuingizia damu kwa kasi. Akajitetea kwamba yeye hajapoteza damu. Sista akamjibu kwamba wekundu hawangojewi mpaka wapoteze. Halafu ukaja mpira wa mkojo. Hapo ikatoka sauti moja iliyosikika mpaka maegesho, na walinzi wakachomoa silaha bila kujua wamwelekezee nani.

"Sasa kipimo cha kidole," Sista akatangaza.

"Kidole changu hakina shida," Mheshimiwa akasema kwa haraka.

"Si chako, Mheshimiwa. Ni cha huyu."

Kwenye kona akasimama muuguzi mmoja wa kiume, pande la mtu, mpole, mwenye mikono ya kubebea magunia. Akavaa glovu taratibu, akatoa salamu. Mheshimiwa akaomba kujua kipimo hicho kinafanyika wapi. Akaambiwa. Akauliza kama ni lazima. Sista akasema kwa mwananchi wa kijani si lazima kabisa, ila kwa kiongozi wao wasingethubutu kukiruka, itaonekana wamemdharau. Nasi tusimdharau, tumwache hapo na faragha yake. Inatosha kusema kwamba kipimo kilifanyika kwa ukamilifu na kwamba muuguzi yule aliomba radhi kabla, wakati, na baada.

"Bado nini?" Mheshimiwa aliuliza mwishoni, sauti imekuwa ndogo kama ya mtoto anayeulizia chanjo.

"Upasuaji tu."

"Wa paji la uso?"

"Wa tumbo."

"Tumbo langu halina kitu."

"Ndiyo tunalifungua," Sista akasema, "tuhakikishe."

Mheshimiwa akamtafuta Kaimu kwa macho, lakini kola haikumruhusu, ikabidi amwite. Akamtaka asogee, asogee zaidi, amwinamie. Ukutani upande wa pili sauti ya Daktari ilisikika ikidai uzi, ikidai pamba, ikimkemea mtu asilegeze mkono. Shemeji alikuwa bado anasubiri.

"Kaimu, niambie ukweli. Hivi mimi ni rangi gani?"

Kaimu akaliona lile neno limesimama mbele yake. Neno hilo moja ndilo lililompeleka mtangulizi wake kule kusikojulikana. Akisema mwekundu, machela hii ilikuwa inakwenda kugonga ule mlango, na mtu aliyefunguliwa tumbo angeshushwa kitandani kumpisha mchubuko. Akisema lile jingine, barua ya garini ilikuwa inachanwa, na kiti kwaheri. Aliogopa, tena sana, mpaka akahisi baridi kwenye nyayo. Kisha akamsikia mkewe akisema basi nimetulia, na akaona heri aogope kazini kuliko kuogopa kurudi nyumbani.

"Kijani, Mheshimiwa," akasema. "Kijani kibichi kabisa. Tangu nianze kazi sijaona mtu wa kijani kama wewe."

 Mkasi wa Sista ulibaki hewani. Msaidizi alivua miwani, na kumbe alikuwa na macho ya kawaida tu.

"Rudia," Mheshimiwa akasema.

"Kijani."

"Mungu akubariki wewe na kizazi chako," Mheshimiwa akasema, na machozi yakamtoka, yakateremkia masikioni kwa sababu ya ile kola.

Akafunguliwa mikanda, akachomolewa alichochomekwa. Kwa kuwa suti ilikuwa vipande, akapewa gauni la hospitali, lile la kufungwa kwa kamba mbili nyuma, ambalo kamba moja huwa haipo. Akatoka nalo mpaka ukumbini, mkono mmoja umeshikilia nyuma, na mbele ya wageni akatoa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Alisema viongozi wametafakari kwa kina na wameamua kujinyima. Kuanzia dakika ile nyekundu wanawaachia wananchi, atakayezidiwa atangulie, na wao viongozi watavaa kijani na kusubiri. Watu wakapiga makofi kwa mashaka. Msaidizi akamnong'oneza Kaimu kwamba amethibitishwa leo hii, mradi suala la kidole libaki siri ya serikali.

Mheshimiwa alidhani sasa ataondoka. Sista akamwelekeza kwa adabu kwamba wa kijani hukaa benchi mpaka aitwe kuwekewa plasta yake, na kamera zilikuwa bado zinawaka, na maneno alikuwa ameshayasema mwenyewe. Akaketi. Alikaa benchi la mbele, kwa uangalifu, maana benchi lilikuwa la chuma na lilikuwa la baridi. Nyuma yake walikaa watu waliofika tangu asubuhi: mwashi aliyechanika kiganja, mama na mtoto aliyemeza kifungo, na bibi mmoja aliyeteguka kifundo cha mguu.

Ndipo mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka. Daktari akatoka, barakoa imeshuka kidevuni, jasho linamtiririka, akamtafuta Kaimu katikati ya watu.

"Bandama nimeitoa, damu imesimama," akasema. "Atapona. Akiamka tu mtaomba anyamaze."

Ukumbi ukalipuka. Waendesha pikipiki waliokuwa wamejazana dirishani wakapiga vigelegele vya kiume, wauguzi wakakumbatiana, na Mkurugenzi aliyethibitishwa akaketi chini sakafuni, juu ya zulia, akicheka na kulia kwa pamoja huku akilitafuta jina la mkewe kwenye simu, asilione kwa machozi. Makofi yakatikisa madirisha. Hayo hayakuwa ya mashaka.

Mheshimiwa akayasikia, na mtu aliyezoea makofi hana haja ya kuuliza ni ya nani. Akasimama. Akainua mikono yote miwili juu, akawapungia wa kulia, akawapungia wa kushoto, kisha akawainamia wa mbele kwa unyenyekevu mkubwa, mpaka chini kabisa, na gauni likafanya lililoweza.

Benchi la nyuma likaona kila kitu. Mwashi akaangalia dari. Mama akamfunika mtoto macho. Bibi wa kifundo akanyoosha mkono, akamshika Mheshimiwa ncha ya gauni, akamvuta taratibu.

"Kaa chini, mwanangu," akamwambia. "Zamu yako bado."